Vijidudu Rafiki, Walinzi wa Samaki Wetu

Mazungumzo na wafugaji wa samaki na wanakisomo wa Magu



Tunajua leo ni siku ya kazi. Wengine mmeacha nyavu, wengine mmeacha palizi. Kwa hiyo hatutawachelewesha kwa salamu ndefu. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo moja. Jambo lenyewe ni dawa tunazowapa samaki.

Hapo zamani sato tulimtafuta kwa mtumbwi na wavu. Siku hizi mambo yamebadilika. Ukisimama kando ya Ghuba ya Speke unaona vizimba vinaelea majini. Wengine wamechimba mabwawa karibu na nyumba zao. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Mwanza ugawaji wa vizimba na boti kwa mkopo usio na riba. Mkopo usio na riba ni mkopo mzuri, lakini bado ni mkopo. Samaki wakifa, deni halifi.

Hapo ndipo shauri letu linapoanzia. Mfugaji anaamka asubuhi, anakuta samaki 200 wanaelea matumbo juu. Moyo unampasuka. Hakai chini kufikiri. Anakimbilia duka la dawa za mifugo. Anaomba oksitetrasaiklini, ile ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaiita OTC. Imemponya ng'ombe, imemponya kuku, kwa nini isimponye sato? Anaichanganya na chakula, anarusha kizimbani. Jirani yake akisikia, hangoji hata samaki wake waugue. Na yeye anatia dawa kila wiki, ati ni kinga.

Hatukuja hapa kumlaumu mtu huyo. Mwenye deni huwa na haraka. Tumekuja kumwonyesha dawa ile inakwenda wapi. Halafu tumwonyeshe kwamba ipo kinga ya namna nyingine.

DAWA INAKWENDA WAPI?

Dawa za namna hii huitwa antibayotiki. Kazi yake ni kuua bakteria, au kuwazuia wasizaane. Bakteria ni vijidudu vidogo sana, havionekani kwa macho. Penisilini ni antibayotiki. Tetrasaiklini ni antibayotiki. Ile amoksilini anayopewa mtoto zahanati nayo ni antibayotiki. Dawa hizi zimeokoa watu wengi na mifugo mingi. Hatuzitukani hata kidogo.

Lakini hebu kitazameni kizimba. Kizimba ni wavu, na wavu hauzuii maji. Ng'ombe ukimchoma sindano, dawa inaingia mwilini mwake yeye mwenyewe. Samaki wa kizimba humchomi sindano mmoja mmoja. Unatia dawa kwenye chakula, unarusha majini. Sasa, samaki mgonjwa hali. Hata mtu akiugua, dalili ya kwanza ni kukataa ugali, si ndiyo? Basi anayekula ile dawa ni samaki mzima, na yule mgonjwa anabaki na ugonjwa wake. Punje ambazo hazikuliwa zinazama matopeni. Na hata dawa iliyoliwa, sehemu yake kubwa hupita tumboni ikatoka na kinyesi. Fedha yako umewanunulia matope ya ziwa dawa.

Matopeni na majini wamo bakteria wasiohesabika. Dawa ikiwafikia, walio dhaifu wanakufa. Wachache wenye nguvu wanabaki, na hao ndio wanaozaana. Ni kama mtu anayepalilia shamba, akang'oa magugu laini yote na kuyaacha yale yenye mizizi mirefu. Baada ya mwezi mmoja shamba zima ni la magugu yenye mizizi mirefu. Jembe halifui dafu tena. Hali hiyo kwa upande wa vijidudu tunaiita usugu. Wataalamu wa Tanzania wameipa jina la kifupi, UVIDA, maana yake usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Na kuna jambo baya zaidi. Bakteria wanaweza kugawiana usugu huo wao kwa wao. Bakteria wa samaki anaweza kumpa bakteria wa mtu.

Jambo hili halikuanza jana. Mganga wa Uingereza, Alexander Fleming, aligundua penisilini mwaka 1928. Mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel alitumia nafasi hiyo kuonya. Alisema dawa ikitumiwa kidogo kidogo, pasipo kufikia kipimo chake, vijidudu hujifunza kuizoea. Maonyo hayo hayakusikika vya kutosha. Mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1 na laki 2 na elfu 70 ulimwenguni walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ndizo zilizoumia zaidi.

Mtu atasema, hayo ni mambo ya ulimwengu, hapa kwetu hayapo. Yapo. Mwaka 2016 watafiti wa Mwanza na wenzao wa nje walichapisha utafiti walioufanya kando ya Ziwa Victoria. Walipima matumbo ya samaki, wakapima na mazingira. Walikuta bakteria wenye usugu kwa dawa kubwa za hospitali. Utafiti ule haukuwa wa vizimba, na hatutaki mfugaji wa samaki abebeshwe mzigo wote. Maji ya vyoo na ya mifereji ya mji nayo huishia ziwani. Lakini kama nyumba tayari ina moshi, si busara kuongeza kuni mbichi.

Akina mama mnaopasua samaki mwaloni, hapa pana neno lenu. Tumbo la samaki lisitupwe majini mnapochota maji. Mkimaliza kupasua, nawieni mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Na samaki apikwe aive.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu ziwa ni moja. Kizimba kipo kule, mtungi wa maji unajazwa hapa, watoto wanaogelea katikati. Mtoto akipata homa ya matumbo, au kidonda kikioza, au akipata UTI, atapelekwa zahanati. Atapewa dawa. Siku ya tatu homa haijashuka. Daktari ataandika dawa nyingine, yenye bei kubwa zaidi, na pengine haipo hapa, ipo Bugando. Mzazi atatafuta nauli. Kumbe bakteria wanaomuumiza mtoto walikwisha kuizoea ile dawa ya kwanza.

Tena kuna soko. Wazee wa mialo wanakumbuka mwaka 1999. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za watu waliovua kwa sumu. Wavuvi wa sangara wasiojua hata sumu hiyo inafananaje waliumia pamoja na wenye kosa. Mnunuzi wa siku hizi hupima pia mabaki ya antibayotiki katika nyama ya samaki. Mmoja akileta samaki wenye dawa, jina linaloharibika ni la ziwa zima.

KIBUYU CHA MAZIWA

Sasa tuje kwenye ile kinga nyingine.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee waliokuwapo wanakumbuka, watu walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio. Tulifundishwa kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Tulijifunza kwamba vijidudu ni adui. Mafunzo yale ni ya kweli mpaka leo. Lakini si vijidudu vyote vilivyo adui.

Ushahidi tunao nyumbani, ndani ya kibuyu. Mama anayegandisha maziwa hatii dawa yoyote. Anaacha masalio kidogo ya maziwa ya zamani, anamimina mapya juu yake, anafunika. Kesho yake au keshokutwa maziwa yameganda, yana uchachu mzuri. Ni nani aliyeyagandisha? Ni vijidudu vilivyokuwa ndani ya yale masalio. Vilikula utamu wa maziwa vikatengeneza uchachu. Vijidudu vya kuozesha haviupendi uchachu huo. Ndiyo maana maziwa ya mgando yanakaa siku nyingi kuliko maziwa mabichi.

Basi vijidudu vya namna hiyo, vikiwa hai, vikapewa mtu au mnyama kwa kiasi cha kutosha, vikamletea afya, wataalamu huviita probayotiki. Sisi tutaviita vijidudu rafiki. Mwaka 1986 mtafiti wa Japani aitwaye Kozasa alieleza jinsi alivyowalisha samaki vijidudu hivyo. Tangu hapo nchi nyingi zinazofuga samaki na kamba zimevijaribu na kuvitumia.

Vinafanyaje kazi? Hapa Usukuma hatuhitaji maelezo marefu, kwa sababu tunawajua sungusungu. Sungusungu hawamfuati mwizi mpaka nyumbani kwake kila siku. Kazi yao kubwa ni kuwapo. Njia zote zina watu wao, mwizi akija hana pa kupita. Utumbo wa samaki ni kijiji. Kuta zake zikijaa vijidudu rafiki, kijidudu kibaya kikiingia na maji hakipati pa kukaa wala cha kula. Zaidi ya hayo, baadhi ya vijidudu rafiki hutoa uchachu na vitu vingine vinavyowachukiza wale wabaya. Baadhi husaidia kusaga chakula, kwa hiyo samaki ananufaika zaidi na punje ile ile. Na vingine huuamsha mwili wa samaki, ukawa tayari kupigana.

Antibayotiki haina macho ya sungusungu. Inapoingia kijijini inapiga wote, mwizi na mwenye nyumba. Dawa ikiisha, kijiji ni kitupu, na anayewahi kuingia pengine ni mwizi. Ndiyo sababu mtu aliyekunywa antibayotiki nyingi wakati mwingine anaendesha. Na ndiyo sababu hatuchanganyi antibayotiki na bakteria rafiki katika chakula kimoja. Utakuwa umewaajiri walinzi na kuwapiga risasi siku hiyo hiyo.

HAMIRA YA MISRI

Maji ya ziwa letu hutoka Jinja, yakaufuata mto Nile mpaka Misri. Huko Misri wanafuga sato kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Sato yule ni yule yule wetu. Wataalamu wa Misri walifanya jaribio wakalichapisha mwaka 2008. Walichukua vifaranga vya sato, wakawalisha chakula kilichotiwa hamira. Ndiyo, hamira hii hii ya maandazi. Hamira nayo ni kijidudu hai, jamii ya kuvu, wala si bakteria. Vikundi vya vifaranga vilipewa vipimo mbalimbali. Kisha samaki waliambukizwa kwa makusudi bakteria mbaya aitwaye Aeromonas, anayeleta vidonda na kujaa maji tumboni. Waliokula hamira walikua vizuri zaidi, na waliokufa kwa ugonjwa walikuwa wachache kuliko wale wasiokula hamira. Kipimo walichokipendekeza ni gramu 1 ya hamira kwa kila kilo 1 ya chakula.

Haya, tufanye hesabu. Toeni madaftari.

Una vifaranga 2,000. Kila mmoja ana uzito wa gramu 10. Wote pamoja ni gramu 20,000, yaani kilo 20. Tuseme unawalisha kwa siku sehemu 5 katika kila 100 za uzito wao. Kilo 20 mara 5, gawanya kwa 100, unapata kilo 1 ya chakula. Hamira yake ni gramu 1. Kijiko cha chai kilichojaa hamira kavu ni kama gramu 3. Basi kijiko kimoja kinatosha chakula cha siku 3. Mwone jinsi ilivyo kidogo. Anayetia nusu pakiti ili samaki wakue upesi anapoteza hamira na kuharibu chakula.

Namna ya kutia ni hii. Koroga hamira katika maji kidogo ya vuguvugu, ambayo kidole kinayavumilia bila shida. Maji ya moto yanaua hamira, na hamira iliyokufa si mlinzi tena. Nyunyizia maji hayo juu ya chakula huku ukigeuza, kilowe kidogo tu, kisiwe uji. Anika kivulini, si juani. Walishe siku hiyo hiyo, usilaze.

Tusisitize kwamba jaribio lile lilikuwa la vifaranga. Kwa samaki wakubwa wa kizimbani, zungumza kwanza na afisa uvuvi. Kama una vizimba viwili, jaribu kimoja, kingine kiache kama kilivyo. Andika daftarini kila siku: tarehe, kilo za chakula, samaki waliokufa. Baada ya miezi miwili daftari litakuambia ukweli kuliko muuzaji yeyote.

Maana wauzaji nao wapo. Kuna vijidudu rafiki vinavyouzwa katika pakiti. Vingi vimeandikwa jina Bacillus, tunasoma basilasi. Hawa ni bakteria wenye sifa moja nzuri sana. Maisha yakiwa magumu wanajifunika ganda gumu na kulala, kama mbegu. Wanavumilia ukavu na joto. Wakifika tumboni mwa samaki wanaamka. Ndiyo maana wanafaa kuchanganywa na chakula kikavu cha kiwandani. Wale wa maziwa ya mgando hawana ganda hilo, wanakufa upesi.

Ukinunua pakiti, soma. Kujua kusoma ndiko kunakolinda fedha yako hapa. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Tazama kama imeandikwa jina la kijidudu, au imeandikwa tu kwamba ni dawa ya ajabu ya samaki. Tazama idadi ya vijidudu hai katika gramu 1. Pakiti nzuri huitaja, na huwa ni namba kubwa ya mamilioni. Uliza kama imesajiliwa nchini. Ukifika nyumbani iweke mahali pakavu penye kivuli, mbali na bati la jua na mbali na jiko. Usikoroge kwa maji ya bomba yenye klorini, kwa sababu klorini imetiwa ili kuua vijidudu, nayo haichagui.

Mwenye bwawa anaweza kutia vijidudu rafiki katika chakula, na vingine vimetengenezwa kwa ajili ya maji yenyewe, husaidia kula uchafu wa chini ya bwawa. Mwenye kizimba asimwage majini. Mkondo utavichukua kabla hajakunja mikono ya shati. Kwa kizimba ni chakula tu.

SUNGUSUNGU HAWAZIMI MOTO

Sasa tuseme kweli tupu, maana tumesikia watu wanavyozisifu bidhaa hizi kupita kiasi. Vijidudu rafiki ni walinzi, si dawa ya kuponya. Samaki wakishaanza kufa, mlinzi amechelewa. Na kuna vifo vingine ambavyo havihusiani kabisa na bakteria.

Mwishoni mwa mwaka 2022, huko Kisumu upande wa Kenya, samaki wengi sana wa vizimba walikufa kwa muda mfupi. Watu walishangaa, wengine wakafikiri ni sumu. Wataalamu walipochunguza walisema sababu ni upungufu wa oksijeni, yaani hewa iliyomo ndani ya maji. Maji ya chini kabisa ya ziwa hayana hewa nzuri. Upepo na baridi vikiyageuza maji, yale ya chini yanapanda juu. Samaki wa porini anakimbia. Samaki wa kizimba atakimbilia wapi? Amefungwa. Hapo hata ukimwaga gunia la antibayotiki, au gunia la vijidudu rafiki, ni kazi bure. Mtu anayezama majini humpi vidonge.

Dalili yake mnaijua. Samaki wanakuja juu alfajiri, wanafungua midomo wakitafuta hewa. Ukiona hivyo, usiwalishe asubuhi hiyo. Chakula huongeza mahitaji ya hewa. Angalia kama wavu umezibwa na mwani, uusafishe maji yapite. Angalia kama umejaza samaki kupita kiasi. Kizimba kilichojaa mno ni kama darasa la watoto 200 na dirisha moja. Na kizimba kifungwe mahali penye kina na mkondo, si pale kwenye maji yaliyotulia karibu na matete, kwa sababu tu ni karibu na nyumbani.

Kuna pia virusi. Virusi si bakteria, ni vidogo zaidi, na antibayotiki haviviwezi kabisa. Sato ana ugonjwa wake wa virusi. Virusi hivyo vilitambuliwa Israeli mwaka 2014. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuviona kwa sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na upande wa Uganda. Kinga yake kubwa ni kununua vifaranga mahali panapoaminika, na kutochanganya vifaranga wageni na samaki wako bila kuwatenga kwanza.

Na kuna ukungu wa chakula. Chakula kilicholowa mvua kikaota ukungu kinaua ini la samaki. Hakuna mlinzi wa kumlinda na hicho. Kitupe, hata kama roho inauma.

Kwa hiyo sisi mpangilio wetu ni huu: maji kwanza, kisha nafasi ya kutosha, kisha chakula kizuri, na vijidudu rafiki ndani ya chakula hicho. Antibayotiki iko mwisho kabisa, na inatoka kwa mtaalamu baada ya kupima, si kwa shauri la jirani. Ikiwa mtaalamu ataandika antibayotiki, basi itolewe kwa kipimo chake na siku zake zote. Na samaki wasiuzwe wala kuliwa mpaka siku za kungoja zimekwisha.

Je, inawezekana kufuga samaki wengi pasipo kutegemea dawa hizo? Inawezekana. Wafugaji wa samaki wa Norwei walitumia karibu tani 50 za antibayotiki mwaka 1987. Baadaye walipata chanjo nzuri, wakapanga upya mashamba yao ya baharini. Leo wanatumia chini ya tani 1 kwa mwaka, na samaki wanaozalisha ni wengi mno kuliko wakati ule. Sisi chanjo hiyo kwa sato wetu hatunayo mkononi. Lakini walinzi tunao, na daftari tunalo.

MASWALI YALIYOULIZWA

Baba mmoja ameuliza: samaki wakifa leo, nifanye nini leo hii? Baba yetu, kwanza watoe waliokufa wote, usiwaache kizimbani na usiwatupe ziwani. Wafukie mbali na maji, tia chokaa. Hesabu, andika. Samaki wawili watatu wanaoelekea kufa, ambao bado wanapumua, waweke katika mfuko safi, mfuko uzungushiwe barafu, wapelekwe kwa afisa uvuvi. Yeye ndiye atakayewafikisha kwa wataalamu Mwanza, TAFIRI au maabara ya mifugo. Samaki aliyeoza hapimiki. Mweleze afisa ulichokiona: wanazunguka zunguka kama walevi? Macho yametoka nje? Wana vidonda? Walikufa wote usiku mmoja, au wachache kila siku? Waliokufa wote usiku mmoja, shaka ya kwanza ni hewa. Wachache wachache kila siku, shaka ni ugonjwa.

Mama mmoja ameuliza: naweza kutia maziwa ya mgando katika chakula cha samaki? Mama, usitie. Kibuyu chako kinajua kugandisha maziwa, lakini hatujui ndani yake vimo vijidudu gani vingine, na chakula kilicholowa maziwa kinaoza upesi majini. Maziwa yale wape watoto.

Kijana wa nyuma kule ameuliza: samaki aliyelishwa vijidudu rafiki analiwa? Analiwa siku hiyo hiyo. Hakuna siku za kungoja. Hiyo ni faida nyingine, maana mnunuzi akija ghafla huna la kumficha.

Na mzee wetu ameuliza: kama mimi naacha dawa, na mwenzangu wa kizimba cha jirani anaendelea kumwaga, nimefaidi nini? Mzee, swali hilo ni zito kuliko yote. Maji hayana mpaka. Ndiyo maana tumewaita wote na si mmoja mmoja. Tunapendekeza vikundi vya mwalo huu vikae, viandike makubaliano: antibayotiki haitiwi kizimbani bila afisa uvuvi kujua, na anayetia aseme wazi ni dawa gani na tarehe gani. Kalamu zipo, wa kuandika wapo. Tunaliacha swali hilo mikononi mwa mkutano wenu wa Jumamosi.

Sasa twendeni majini. Kizimba cha kikundi kimefungwa nyuma ya lile jiwe kubwa. Mtumbwi unachukua watu sita, kwa hiyo tutakwenda kwa zamu, akina mama kwanza. Chukueni madaftari. Tutaanza kwa kuutazama wavu.